Kuzamia MV Dania: hesabu ya hewa, kamba na ngama

Karibuni. Leo tunashuka kwenye MV Dania, meli iliyozamishwa makusudi mwaka 2002 kaskazini mwa Mombasa ili iwe makao ya samaki. Imesimama wima, na mchanga iliyokalia uko karibu mita 30. Kwa hivyo cheti cha mwanzo, kile kinachoishia mita 18, hakitoshi. Uwe na cha pili, na uwe umezamia miezi ya karibuni, si mwaka juzi.

Chagua siku kwanza. Kusi likivuma bahari hufura na maji huwa na ukungu. Ngoja miezi ya Oktoba hadi Machi. Kisha tazama mwezi. Ukiwa nusu, maji ni mafu, mkondo nao ni mdogo. Siku za bamvua maji ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na maji hayo yote yanapita kwa kasi ubavuni mwa meli. Mwambie nahodha mnataka kushuka maji yakisimama baada ya kujaa. Yakianza kupwa, tope la hori hutoka nje na mwanga hupungua.

Sasa geji, kipimo cha hewa ya mtungi. Hapa msituharakishe. Mtungi wa lita 12 uliojazwa baa 200 (baa ni kipimo cha shinikizo) una lita 2,400 za hewa. Mtu mtulivu akiwa juu huvuta kama lita 20 kwa dakika. Mita 30 shinikizo ni mara 4, basi anavuta 80. Piga hesabu ya mkasa: hewa ya mwenzio imekatika, mnapumua wawili kwenye mtungi mmoja, na kwa hofu kila mmoja anavuta kama 30. Dakika 1 ya kutulizana chini, lita 240. Kupanda hadi mita 5 kwa mwendo wa mita 9 kwa dakika, tuseme dakika 3, lita 495. Kusimama hapo dakika 3, lita 270. Kumalizia hadi juu, 75. Jumla 1,080, yaani baa 90 za mtungi wako. Ndiyo maana geji ikisoma 100 mnaanza kupanda, si 50 mliyozoea kwenye matumbawe ya mita 12. Kinachobaki cha kutalii ni lita 1,200, dakika 15 tu mkikaa mchangani. Jedwali la PADI, shirika la mafunzo ya uzamiaji, linakupa dakika 20 kwa kina hicho, lakini hewa itakugeuza mapema zaidi.

Vifaa ni vya kawaida, ila ongeza vitatu: tochi, kisu kifupi na boya refu la kupuliza, lile tunaloliita soseji. Kisu kifunge kwenye mkanda wa jaketi, kifuani. Cha mguuni hunasa, na meli kama hii haikosi mishipi na vipande vya nyavu vya wavuvi. Geji na regyuleta ya akiba, ile ya kupumulia mwenzio, vibane mwilini, visining'inie.

Boti ikishafungwa kwenye boya, shukeni kwa kamba, mkono mmoja juu yake muda wote. Mkondo ukiwapeperusha kama bendera, tuliza pumzi na endelea polepole. Msipoweza kushuka bila kuhema, rudini botini. Anayehema mita 5 chini atamaliza mtungi kabla ya kuona sitaha. Na kumbuka ishara: kidole gumba juu maana yake tupande. Wengi huinua gumba kusema poa, mwenzao akaanza safari ya kurudi.

Mkifika, anzeni mahali penye kina zaidi kisha mpande taratibu. Tembeeni upande uliokingwa na mkondo. Chuma chenyewe kitawakinga. Tazameni hapa: ubavu huu unaonekana kijivu kitupu. Tunawasha tochi, na rangi nyekundu ya sponji inatokea yote. Maji yameimeza njiani, haikuwa imepotea. Chini ya sitaha kuna tewa, na kwenye tundu la bomba, mkunga. Usitie mkono mahali usipopaona.

Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Hapa tumeipindua: nenda tezi (nyuma ya meli), nenda omo (mbele), ngamani (tumboni mwake) usiingie. Meli za namna hii husafishwa mafuta na kung'olewa milango kabla ya kuzamishwa, ndiyo sababu ndani panaonekana pamekaribisha. Tazama lakini kinachofuata. Mapovu ya mzamiaji yanagonga dari, kutu inaanza kudondoka kama makapi, na teke moja la kwenda chini linainua tope sakafuni. Mlango uliokuwa wazi sasa hauonekani. Asiyesomea kuingia na kuvuta uzi wa kurudia aangalie kutoka nje. Na hata nje, piga mapezi kama chura, kwa pembeni.

Baa 100, kwenye kamba. Mkiikosa, msiitafute; pandeni, na mkiwa kama mita 10 pulizeni soseji. Shikeni kibiringi cha uzi mkononi tu. Ukikifunga jaketini na uzi ukakwama, soseji itakung'oa nayo hadi juu. Mita 5, dakika 3, macho kwenye saa, si kwenye samaki.

La mwisho ni nauli ya kurudi. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, kwa hivyo treni ya usiku inakupandisha mlima kama ndege tu, na kupanda juu mapema baada ya mbizi huweza kuleta ugonjwa wa wazamiaji. Ngoja saa 12 baada ya mbizi moja, au saa 18 ukizamia zaidi ya mara moja, ndipo ukate tiketi.