Mwalimu Mkuu Arudi Darasani

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Walimu wakuu mliotoka Likoni, Kisauni, Changamwe na Jomvu, Mombasa, ahsanteni kwa kuja. Nina ombi moja kwenu: ingieni madarasani.

Mwaka 1985 watafiti Philip Hallinger na Joseph Murphy waliugawa uongozi wa ufundishaji mafungu matatu: kuweka lengo la shule, kusimamia ufundishaji wenyewe, na kujenga mazingira ya kusomea. Kwetu fungu la pili ndilo linalokufa, na linafia ofisini.

Tazameni asubuhi ya mwalimu mkuu. Mzazi anasubiri mlangoni kuhusu karo. Muuza maharagwe anadai pesa zake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imemfanya katibu wa bodi ya usimamizi, basi kumbukumbu za vikao nazo zinamngoja. Mgao wa serikali kwa sekondari za kutwa ulipangwa kuwa shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka; ukichelewa, yeye ndiye anayewabembeleza wenye maduka. Wenzetu wa shule za msingi, tangu 2023, wamebebeshwa pia sekondari ya chini katika ua uleule. Mzigo huu ni wa kweli, na nasikitika kila nisikiapo walimu wakuu wakiitwa wavivu.

Lakini mtoto hafundishwi na faili. Zile fomu za TSC, Tume ya Utumishi wa Walimu, za kutathmini walimu zinaweza kujazwa zote bila mtu kusikia somo hata moja. Mimi namwamini kiongozi anayekaa nyuma ya darasa dakika zote arobaini, kisha akakaa na mwalimu, wawili tu, wakaulizana: nani hakuinua mkono leo, na kwa nini? Amri haizai mazungumzo hayo. Wala hayazaliwi pale kila mwalimu anapoachwa afanye apendavyo.

Muda utoke wapi? Nidhamu mwachieni naibu, maandalio ya masomo yakaguliwe na wakuu wa idara, na wageni wapokewe baada ya chai ya saa nne. Nendeni pia saa nane mchana, mwezi wa Februari, chini ya bati. Mtajua wenyewe kama hisabati inafaa kubaki saa hiyo kwenye ratiba.

Na ziara ya kwanza msiende kwa mwalimu dhaifu. Anzeni kwa aliye hodari kuliko wote, ili wengine wasidhani ni msako.