Bibi wa Warsaw aliyeijua Tengeru, na kwa nini Wapolandi wanamhofia Mrusi

Habari zenu familia, karibuni tena. Leo mnaniona niko nje, huo nyuma yangu ndo mto Wisła, na hapa niliposimama panaitwa Praga, ng'ambo kule mnaona Warsaw yenyewe, mji mkuu wa Polandi, mji mkongwe ule wa mapaa mekundu. Upepo ni mkali, mkisikia unavuma kwenye maiki mnivumilie tu.

Leo sio mambo ya viza wala kazi. Nimesoma komenti zenu kwenye ile video yangu ya bendera za Ukraine huku Polandi, nimezisoma zote, na wengi mmeandika kwamba Wapolandi wanamchukia Mrusi kwa sababu Marekani kawatuma. Nawaelewa kabisa. Kwetu Urusi ina jina zuri, Msovieti, yaani Urusi ya enzi zile, aliwapa silaha wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, wazee wetu kibao wamesoma Moscow pale chuo cha Lumumba wakarudi madaktari na mainjinia, na hajawahi kututawala hata siku moja. Mimi mwenyewe nimekuja huku na mawazo hayo hayo.

Sasa kwenye jengo ninaloishi kuna bibi, anakaribia tisini. Siku moja nimembebea mizigo mpaka mlangoni kwake, akaniuliza mjukuu wangu unatoka wapi, nikamwambia Tanzania, akauliza Tanzania upande gani, nikasema Arusha. Akanishika mkono akasema "Tengeru". Aisee, mi sikuitaja Tengeru! Nimekulia Usa River, pale sokoni Tengeru nimepita toka mtoto nikitumwa ndizi, na huyu bibi wa Kizungu yuko Warsaw ananitajia Tengeru, halafu akaniimbia wimbo wa kuchota maji kwa Kiswahili, nusu maneno kayasahau. Alifika pale ana miaka sita.

Sasa alifikaje? Hapo ndo niwape hii historia.

Mwaka 1939 tarehe 1 Septemba Hitler anaivamia Polandi kutokea magharibi, hiyo wengi tumeisoma shuleni. Ambacho mimi sikukisoma ni kwamba wiki moja kabla, Agosti 23, Ujerumani na Usovieti walishasaini makubaliano na ndani yake kuna kipengele cha siri cha kugawana Polandi, kwa hiyo tarehe 17 Septemba jeshi la Stalin, kiongozi wa Usovieti, nalo likaingia kutokea mashariki. Kwao bibi ni huko mashariki. Februari 1940, usiku, baridi ya kuua, askari wakagonga mlango wakawaambia fungeni mizigo, wakapakiwa kwenye mabehewa ya treni, wiki kadhaa njiani mpaka Siberia. Mdogo wake alifia njiani, na hilo bibi hulisema mara moja tu kisha ananyamaza. Walioondolewa hivo ni mamia ya maelfu, wengine Siberia wengine Kazakhstan, wakulima na watoto wao, sio wanajeshi.

Na wanajeshi sasa? Masika ya 1940 maofisa, polisi, madaktari, walimu waliokuwa mateka waliuawa kwa amri ya Stalin na wenzake, watu kama 22,000, wengi walipigwa risasi kisogoni, na msitu mmoja walipozikwa unaitwa Katyn. Moscow ikasema waliowaua ni Wajerumani, na ikashikilia hivo hivo mpaka 1990, karibu miaka hamsini! Wajane wamezeeka na kufa huku wakikatazwa hata kusema waume zao waliuawa na nani. Kwa hiyo Moscow ikitangaza jambo leo na Mpolandi akatikisa kichwa, jamani, msiharakishe kusema katumwa.

Tena haikuanzia hapo. Na niwe mkweli, Wapolandi nao hawakuwa malaika, 1610 walipiga jeshi la Urusi pale Klushino wakaingia Moscow wakakaa Kremlin yenyewe, ngome ya watawala, mpaka 1612, na mfalme wa Urusi wakamleta hapa Warsaw akamwinamia mfalme wao. Warusi hawajasahau, hadi leo wana sikukuu tarehe 4 Novemba ya kukumbuka walivowatimua. Baadae mambo yakageuka. Urusi, Prussia (dola la Wajerumani) na Austria wakaikatakata Polandi mara tatu, 1772, 1793, 1795, ikafutika kwenye ramani miaka 123. Wakaasi 1830, wakaasi tena 1863, kila mara wananyongwa na kupelekwa Siberia. Yaani bibi anavopelekwa Siberia 1940, tayari ni neno ambalo bibi zake nao walilililia. Uhuru ukarudi 1918, na 1920 tu jeshi jekundu la Wasovieti likafika mlangoni mwa Warsaw, likarudishwa mwezi wa nane, ndo maana Agosti 15 hapa ni siku ya majeshi.

Lakini nimewaleta hapa Praga makusudi. Novemba 1794 jeshi la Urusi chini ya jenerali Suvorov liliteka upande huu wa mto, likaua maelfu ya raia kwa siku moja, wanawake, watoto, na ng'ambo kule watu wanaona. Miaka 150 baadae, 1944, watu wa Warsaw wameamka Agosti 1 kupigana na Wajerumani, wamepigana siku 63, na katikati ya Septemba jeshi la Stalin likafika hapa hapa niliposimama, likaishia hapo. Tazameni mto huu, sio mpana kihivo. Ng'ambo mji unaungua. Karibu watu laki mbili walikufa. Wapo wanahistoria wanaosema jeshi lile lilikuwa limechoka, sawa, lakini Stalin huyo huyo kwa wiki kadhaa alizikatalia hata ndege za Uingereza na Marekani zilizoleta msaada kutua kwenye viwanja vyake. Mimi nikisimama hapa nashindwa kumtetea.

Sasa Tengeru. 1941 Hitler akamgeukia Stalin, Stalin akawaachia Wapolandi, 1942 wakavuka bahari ya Caspian mpaka Iran, wamekonda mifupa mitupu, Waingereza wakawatawanya kwenye makoloni yao. Uganda walikaa Masindi na Koja, kwetu ndo Tengeru karibu na ziwa Duluti, watu kama 5,000, wengi kina mama na watoto, nyumba za duara za nyasi, shule, kanisa, hospitali. Vita vikaisha na hawana pa kurudi, kwao kulishafanywa Usovieti.

Makaburi yao yapo mpaka leo, karibu 150, na la mama yake bibi ni mojawapo. Hajaliona toka ameondoka mtoto. Kwa hiyo wewe unayenitazama uko Tengeru, au unapita na hiace kwenda Moshi, shuka, ingia pale, msalimie mlinzi, nirekodie klipu hata ya dakika mbili, upite taratibu kaburi kwa kaburi ili majina yasomeke. Nitumie inboksi, Jumapili naenda kunywa chai kwake.