Ufunguo Anao Nani? Mazungumzo na wenye shule na vituo vya watoto, Dar es Salaam

Asanteni, kaeni, kaeni jamani. Kabla sijaanza naomba kijana mmoja anisaidie, wewe mwenye shati la bluu, ule mlango wa nyuma kabisa ulioandikwa KUTOKEA, hebu kaufungue. Unagoma? Kufuli. Haya, ufunguo anao nani? Mlinzi. Na mlinzi yuko wapi? Ameenda kunywa chai. [ukumbi ukacheka] Basi kamtafute taratibu, mi naendelea, saa yangu hapa inasema nne na dakika ishirini, tutaona.

Shikamooni wakubwa, sista zetu mlioko mbele, walimu wakuu, na wale wa vituo mliotoka huko Chanika, na wa Kigamboni mliogombania pantoni asubuhi, karibuni. Nimeambiwa niongee kuhusu ukaguzi wa usalama na afya. Mi huu ni mwaka wa 12 nafanya hii kazi na nikiri kitu kimoja, miaka mitatu ya mwanzo nilikua nadanganywa vizuri sana, tena na mafaili.

Ukimwambia mtu nakuja kukagua, anatoa faili. Shule moja, sitaitaja, walinipokea kwa meza yenye kitambaa, soda, sambusa za moto, na mafaili matatu ya rangi tofauti, kila kitu kimetikiwa. Mitungi ya kuzimia moto 14, tiki. Boksi la huduma ya kwanza, tiki. Nikala sambusa, siwezi kusema sikula, halafu nikasema mwalimu tutembee. Mitungi tuliyoiona ni sita, na mitano kati ya hiyo imepangwa kwenye stoo ya ofisi nyuma ya kabati, bwenini hamna hata mmoja. Nikauliza kwa nini, nikaambiwa watoto wanaichezea, waliwahi kuupuliza mmoja bweni zima likawa jeupe kama kiwanda cha unga. Sawa, inaeleweka, hata mimi ningekasirika. Lakini moto haujui njia ya ofisini. Ule wa sita ulikua ukutani bwalo la chakula, mshale wa geji umelala kwenye nyekundu, maana yake presha imeisha, na umetundikwa juu kweli kweli, nikamwambia matroni mama hebu uteremshe kama kuna moto, akajaribu akashindwa. Ile ya kilo 9 ni uzito wa dawa peke yake, chuma bado hujahesabu. Mtungi ambao matroni hawezi kuushusha huo ni pambo.

Kwa hiyo nikabadilika. Siku hizi siulizi "mnao?", nasema "nionyeshe ukiutumia". Na simuulizi mkuu wa shule, mkuu namheshimu lakini usiku anakua kwake Tabata. Namuuliza mlinzi, mpishi, matroni, mtoto wa darasa la pili. Mlinzi mmoja nilimuuliza, baba moto ukitokea saa nane usiku unampigia nani? Akasema napiga kwa bosi. Na bosi asipopokea? Nasubiri apige. Zimamoto ni 114 ndugu zangu, iandikeni ukutani kwenye kibanda cha mlinzi kwa rangi ya mafuta, sio karatasi, karatasi hua inafungiwa karanga. Na mkishampigia mjiulize lile gari litapita wapi, maana shule zetu siku hizi zinapenda kujenga tao getini lenye jina la shule na maua, zuri kabisa, ila fupi, gari la Zimamoto likifika linasoma jina la shule likiwa nje.

Sasa nirudi kwenye kufuli maana hapa ndo roho yangu ilipo. Kila mtu mzima hapa anaikumbuka shule ya Shauritanga, Rombo, Juni 1994, mabinti zaidi ya 40 walioungua bwenini. Idodi kule Iringa, Agosti 2009, mabinti 12. Kyerwa, Kagera, Septemba 2020, watoto 10. Na wenzetu Kenya, Kyanguli pale Machakos, Machi 2001, vijana 67, bweni lilikua na milango miwili na mmoja ulikua umefungwa, madirisha yana nondo. Sizisomi hizi kuwatisha. Nazisoma kwa sababu kila nikiingia bweni hapa mjini nakuta kitu kile kile, nondo dirishani, kufuli mlangoni, na aliyefunga hana nia mbaya hata kidogo. Alifunga kwa sababu ya wezi. Au kwa sababu ya bweni la wasichana na vijana wa mtaani, mnanielewa. Hapa Dar nyumba bila nondo watu wanakuona umepungukiwa. Kwa hiyo tunajenga bweni tukimuwaza mwizi wa nje, moto wa ndani tunaukumbuka siku umewaka, na moshi unafika kwanza, watu wengi moshi unawamaliza hata moto haujawagusa, mtoto anaamka gizani anakohoa anapapasa kufuli.

Mi sisemi mtoe nondo, mtanifukuza. Nasema kwenye kila bweni angalau madirisha mawili yawe na grili ya bawaba, inayofunguka kwa nje, na komeo ndani ambalo mtoto mdogo kuliko wote analiweza, bila kufuli. Fundi wa kuchomelea yeyote anaifanya, hiyo sio teknolojia. Na mlango mkubwa ufungwe kwa komeo la ndani, sio kufuli la nje. Mwenye shule mmoja aliniuliza, na wezi je? Nikamwambia wakiingia wataiba magodoro. Akanyamaza. Halafu akasema magodoro ni bei. [kicheko] Ni bei kweli, mi nanunua pia.

Halafu mazoezi. Jaribuni usiku, sio saa tano asubuhi watoto wako darasani na viatu. Mi hua naomba saa tatu usiku, wameshalala, tunagonga kengele naangalia saa. Shule moja nzuri tu, watoto walitoka haraka ajabu, mpaka nikafurahi, nikaangalia vizuri kila mmoja ana sahani mkononi. Kengele ya moto ni ile ile ya ugali! Walijua ni chakula. Tukacheka mpaka basi, lakini yule mwalimu wa zamu alivyoanza kuita majina ikawa sio kichekesho tena, daftari la majina liko ofisini, ofisi imefungwa, hajui bweni lina watoto wangapi usiku ule. Zimamoto akifika swali lake la kwanza ni hilo, kuna mtu ndani?

[Mlinzi anaingia na kijana wa shati la bluu.] Aah, karibu baba, pole kwa kukukatisha chai. Saa ngapi hii? Nne na thelathini na tatu. Dakika 13. Jaribu tu. Hiyo bunda la funguo lote ni la ukumbi? Zina alama? Hazina. Endelea baba, usihangaike, sisi tunaendelea.

Jikoni. Tangu serikali iseme taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, wengi mmehamia gesi, hongereni, mapafu ya wapishi wetu yanashukuru, ila tumehamisha jiko hatujahamisha akili. Kuni tulizizoea, hatari yake unaiona. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi juu, inatambaa chini kama maji, inajaa sakafuni inasubiri cheche. Ndo maana tundu la hewa la jiko la gesi lazima liwepo chini kabisa karibu na sakafu, sio la juu peke yake. Mitungi ikae nje, wima, kwenye kizimba cha wavu, sio chumba cha matofali kisichopumua. Nilimkuta mpishi mmoja, mama mtu mzima, mchapakazi, anapima kama gesi inavuja kwa kuwasha kiberiti. Nikasema mama! Akasema mwanangu mbona kila siku napima hivi. Povu la sabuni, jamani, unapaka kwenye mpira na regyuleta, likitoa mapovu inavuja. Na ukisikia harufu usiguse swichi, wala kuwasha wala kuzima, funga mtungi fungua milango toka.

[Mlango wa nyuma unafunguka, makofi.] Umepatikana! Nne na thelathini na sita. Sasa baba hebu usukume wote... haufiki mwisho? Kuna nini huko nyuma? Viti. Viti vya plastiki vimepangwa mpaka juu. Mmeona? Mi sijawapanga hawa, naapa.

Kitu kingine ambacho hakimo kwenye chekilisti nyingi, matairi. Shule za hapa mjini zinapenda kupamba bustani kwa matairi chakavu yaliyopakwa rangi, na mengine bembea. Masika yakija yanashika maji. Mbu wa dengi, na dengi hapa Dar tuliionja 2014 na tena 2019, ni mbu wa mchana, anazaliana kwenye maji yaliyotuama ya tairi, kopo, mfuniko wa simtanki. Anauma saa ambazo mtoto yupo darasani, chandarua cha nyumbani hakimsaidii. Toboeni matairi chini, dakika tano na msumari wa moto, na kila Ijumaa watoto wazunguke kumwaga makopo, ndani ya wiki hivi yai linakua mbu. Hii ni bure kabisa.

Vyoo najua mnajua, tundu moja kwa wasichana 20, wavulana 25, na maji ya kunawa yawepo sio ndoo tu iwepo. Basi la shule nalo, hesabuni vichwa na viti asubuhi, ajali ya Karatu Mei 2017 ilichukua wanafunzi 32, walimu wawili na dereva, sina la kuongeza.

Wale wa vituo na mashirika ya misaada, nyie nina neno lenu. Mfadhili anawakagua risiti, mpaka ya bando la elfu mbili, stoo hakagui. Stoo za misaada ni hatari kuliko jiko. Mitumba imepangwa mpaka inagusa balbu. Dawa za msaada zimeisha muda toka mwaka juzi ila zinaonewa huruma kutupwa. Na watu wa kujitolea, anakuja kijana kwa wiki mbili, siku ya pili yupo juu ya ngazi anapaka dari, nani alimwelekeza, akianguka ni wa nani? Watu wanadhani OSHA, ule wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, ni ya viwanda vya Chang'ombe, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inasema mahali pa kazi, na mpishi wako yupo kazini.

Mwisho ripoti. Usiandike mambo 60, hakuna atakayeyafanya. Andika matano, kila moja lina jina la mtu na tarehe, na rudi tarehe hiyo bila kupiga simu.

Sista ameinua mkono. Anasema kwao ufunguo wa bweni anavaa shingoni sista mmoja, je ni sawa? Sista, akiumwa malaria usiku ule amelazwa? ... Ndio. Weka komeo. Kama lazima ufunguo, weka miwili, mmoja utundikwe pembeni ya mlango kwa ndani, kwenye kimo cha mtoto. Na wewe pale kijana wa shati la bluu, wachukue wenzio wanne, vile viti vya nyuma vitolewe kabla hatujaendelea na mada inayofuata.