Damu ya Mwanangu Ilisemaje?

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu, ndugu zangu, vijana wa vyuo mliokaa huku mbele, ahsanteni kwa kuniita. Nimefurahi kuwa tumekutana hapa Chake Chake, maana mambo ya Pemba nimezoea kuyasikia yakizungumzwa mahali ambapo Wapemba hawapo.

Nimeombwa nieleze matokeo ya tafiti za fani mbalimbali: afya, bahari, umeme, uchumi. Nitaeleza nitakapofikia. Wanaonijua wanajua pa kuanzia kwangu ni mahali pamoja tu, kurejesha majibu kwa aliyepimwa, basi nianze hapo.

Nilipokuwa bado kazini, nilizunguka na timu moja ya utafiti nyumba kwa nyumba, upande wa Micheweni. Tunamtoboa mtoto kidole, tunachukua damu, tunaandika namba, tunakwenda nyumba ya pili. Mwaka uliofuata tukarudi pale pale. Bi mkubwa mmoja akatutandikia jamvi, akampakata mjukuu wake, na kabla hajautoa mkono wa mtoto akaniuliza: "Mwanangu, ile damu ya mwaka jana ilisemaje?"

Sikuwa na jibu. Mwenzangu akamwambia majibu yanashughulikiwa. Yule bibi hakugomba, akautoa mkono wa mtoto tukachukua tena. Tangu siku ile neno "yanashughulikiwa" nikilisikia hunichoma.

Sasa sikilizeni damu ya Pemba iliwahi kusema nini. Si ile ya bibi yule, utafiti mwingine. Mwaka 2002 na 2003, watoto zaidi ya 24,000 wa kisiwa hiki, wa mwezi 1 hadi miezi 35, waliingizwa katika utafiti wa vidonge vya kuongeza damu. Kundi moja lilipewa madini ya chuma na foliki, vitamini inayosaidia kujenga damu, la pili likaongezewa zinki, la tatu kidonge kisichokuwa na dawa ndani. Hakuna aliyeona ajabu. Watoto wetu damu zao zilikuwa kidogo, chuma hujenga damu, na ushauri wa dunia nzima ulikuwa huo: wapeni.

Agosti 2003 kamati inayolinda usalama wa washiriki ikaamuru chuma kisimamishwe. Waliokuwa wakipewa chuma na foliki walikuwa wakilazwa hospitali au wakifariki zaidi kuliko wenzao wa kidonge kitupu, kwa asilimia 12. Matokeo yakachapishwa mwaka 2006 katika jarida la tiba la Lancet. Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake: penye malaria, mtoto asipewe chuma hivi hivi bila malaria kukingwa na kutibiwa.

Nataka hili lituingie. Mtoto wa leo katika nchi yoyote yenye malaria analindwa na jambo lililojulikana kwa watoto wa Kojani, wa Konde, wa Mkoani. Wengine wao leo ni watu wazima wa miaka ishirini na kitu, labda wamo humu ukumbini. Nimeuliza katika shehia nyingi na vijiwe vingi vya kahawa, na waliowahi kuelezwa kisa hiki mwanzo hadi mwisho hawajafika idadi ya vidole vya mkono mmoja.

Najua kuna daktari hapa anasema moyoni: ukiwaambia hivyo watavitupa vidonge, na wajawazito nao watakataa. Nimejibiwa hivyo mara nyingi na kila mara nakasirika, kwa sababu anayesema hivyo mwenyewe amekisoma kisa nusu. Ndani ya utafiti ule ule lilikuwamo kundi dogo la watoto waliopimwa damu mwanzoni. Waliokutwa kweli wamepungukiwa na chuma na damu yao iko chini, chuma kiliwafaa. Na utafiti wa namna hiyo hiyo ulifanyika Nepal, mahali ambapo malaria si tatizo, na vifo havikuongezeka. Kwa hiyo kisa kamili hakisemi chuma ni sumu. Kinasema mpime mtoto kwanza, na malaria ishughulikiwe. Wajawazito hawakuwamo katika utafiti ule kabisa, vidonge vyao vinabaki pale pale, na mama anayenisikia aendelee kumeza.

Hayo nimeyamaliza kwa dakika ngapi? Na kuna asiyefahamu? Basi na lile la kuwa Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi lisiletwe leo. Huo Kiswahili ndio tuliotumia kumwomba yule bibi damu ya mjukuu wake. Ikiwa kilitosha kuombea, kinatosha kurejeshea.

Kuna na wale wanaosema ripoti imepelekwa wizarani, kazi imekwisha. Ripoti ya Kiingereza ya kurasa mia ndani ya kabati haijamfikia aliyetoa damu. Sheha yupo, msikiti upo, skuli ipo, redio ipo. Ukurasa mmoja unatosha.

Naona saa inakimbia, niende haraka.

Minyoo. Ile myembamba kama mjeledi imetusumbua hapa miaka mingi, na dawa ya albendazole peke yake haiiwezi vizuri. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa Pemba, Laos na Ivory Coast kwa kuichanganya na dawa nyingine, ivermektini. Hapa na Laos mchanganyiko ulifanya kazi vizuri zaidi. Ivory Coast haukuongeza kitu, na watafiti sasa wanaeleza kuwa minyoo ya kule ni ya aina nyingine, ingawa kwa macho inafanana. Msishangae basi dawa ikisifiwa kwengine na hapa ikashindwa.

Umeme. Mnakumbuka mwaka 2008 Unguja walikaa kizani karibu mwezi mzima, laini inayotoka bara ilipokufa. Pemba tulikuwa bado na majenereta yetu. Mtaalamu mmoja wa uchumi alikwenda kwenye madaftari ya uzazi. Miezi 8 hadi 10 baadaye, katika vijiji vyenye umeme waliozaliwa waliongezeka, hata pale ambapo nyumba zilizounganishwa ni chache. Vijiji visivyo na umeme kabisa, hakuna kilichobadilika. Mnacheka, chekeni, lakini kuna la pili. Watoto waliokuwa matumboni wakati wa kiza walizaliwa wepesi zaidi, kwa wastani wa gramu 75 hivi, na maelezo yake ni kipato: fundi cherehani wa mashine ya umeme akikosa kazi mwezi mzima, sahani ya mama mjamzito inapungua. Anayepanga matengenezo ya umeme angeijua hesabu hii, angejua kuwa kukatika kwa umeme kunafika mpaka kwenye mizani ya kliniki.

Mwani nimeuweka mwisho na nautendea dhuluma, kwa sababu kina mama wa mwani nimewaona wameingia. Ulianza kulimwa kwa biashara Paje na Jambiani, Unguja, mwaka 1989. Aina zake ni mbili, kotoni na spinosum. Kotoni ina bei kuliko spinosum, na kotoni ndiyo inayokufa maji yakipata joto: inapauka, inakatika, inachukuliwa na maji. Taasisi ya Sayansi za Bahari imekuwa ikifuatilia hilo kwa miaka, na mtafiti wa mwani, Dk. Flower Msuya, amehimiza kupeleka mwani maji ya kina, katika nyavu za mfano wa bomba, kwa kuwa huko maji ni baridi zaidi. Ni kweli. Lakini kina haendi mtu kwa miguu wakati wa bamvua. Kunataka chombo, kunataka kujua kuogelea, na wanaolima wengi ni wanawake ambao hawakufunzwa. Matokeo yakirejeshwa kwao, haya ndiyo watakayoyasema siku ya kwanza, na mtafiti atarudi na swali jipya la maana.

Nilikuwa na kisa cha mbung'o wa Unguja pia, nakiacha.

Tuingie kwenye maswali, na la kwanza naliuliza mimi. Nyinyi wa safu ya mbele, mliochukua damu, mkojo, maji au mwani katika kisiwa hiki miaka hii mitano: mmoja mmoja anyanyuke, anitajie shehia aliyochukua, na siku aliyorudi kuwasomea watu majibu yao.