Ukosoaji wa Vyombo vya Habari na Mgawanyiko wa Kisiasa Marekani

Mabibi na mabwana, leo nauliza swali moja: ilikuwaje ukosoaji wa vyombo vya habari nchini Marekani, uliotarajiwa kuwasaidia wananchi kuupata ukweli, ukaishia kuwatenganisha zaidi? Nitaegemea visa viwili vilivyopishana kwa chini ya miaka miwili.

Tarehe 5 Desemba 2002, katika hafla ya kuadhimisha miaka 100 ya Seneta Strom Thurmond, kiongozi wa Warepublican katika Seneti, Trent Lott, alisema kwamba jimbo lake la Mississippi lilijivunia kumpigia kura Thurmond mwaka 1948, na kwamba kama nchi nzima ingefanya vivyo hivyo, isingepata matatizo iliyoyapata baadaye. Mwaka huo Thurmond aligombea urais akitetea ubaguzi wa rangi. Vyombo vikubwa vya habari viliyapita maneno hayo karibu kimyakimya. Walioyashikilia ni waandishi wa blogu, akiwemo Josh Marshall wa mrengo wa kushoto, lakini pia Glenn Reynolds na Andrew Sullivan, ambao wakati huo walihesabiwa upande wa kulia, yaani upande wa Lott mwenyewe. Tarehe 20 Desemba Lott aliachia uongozi. Naamini kwamba bila sauti hizo za upande wa kulia, ingekuwa rahisi kuipuuza tuhuma hiyo kama fitina ya wapinzani.

Kisa cha pili kilikwenda kinyume. Tarehe 8 Septemba 2004, miezi miwili kabla ya uchaguzi, mtangazaji Dan Rather wa kituo cha televisheni cha CBS aliwasilisha nyaraka zilizodaiwa kuandikwa miaka ya 1970, zikimlaumu Rais George W. Bush, Mrepublican aliyekuwa akigombea tena, kwa utumishi wake katika kikosi cha akiba cha anga cha Texas. Haukupita muda, wanablogu wa mrengo wa kulia, wakiwemo wale wa blogu ya Power Line, walihoji kama mashine za taipu za enzi hizo zingeweza kutoa herufi za namna ile. Tarehe 20 Septemba CBS ilikiri kwamba haiwezi kuthibitisha uhalali wa nyaraka hizo.

Wakosoaji hao walifanya kazi ambayo wahariri walipaswa kuifanya kabla ya kurusha matangazo, na hilo lazima lisemwe wazi. Hata hivyo, maswali kuhusu utumishi wa Bush, ambayo gazeti la Boston Globe lilikuwa limeyachunguza tangu mwaka 2000, yalizikwa pamoja na nyaraka hizo. Kambi moja ilipata uthibitisho kwamba vyombo vikubwa ni adui yake, na nyingine ikaona ukweli umeponyoka kwa sababu ya herufi.

Mwaka 2005 watafiti Lada Adamic na Natalie Glance walionyesha kwamba takriban asilimia 91 ya viungo (linki) vya blogu za kisiasa walizozichunguza vilibaki ndani ya kambi ileile. Msomaji anayefuata viungo vya kambi yake tu hulijua kila kosa la wapinzani, ilhali makosa ya upande wake hayamfikii, na mwandishi anayejaribu kumwonyesha huhatarisha kuwapoteza wasomaji wanaompa riziki.

Katika kura ya maoni ya Gallup ya mwaka 2016, asilimia 51 ya Wademokrati walisema wanaviamini vyombo vya habari kwa kiasi kikubwa au cha kutosha; miongoni mwa Warepublican walikuwa asilimia 14, na hao 14 ndio pekee ambao sahihisho la mhariri wa gazeti kubwa bado lingeweza kuwafikia likiwa sahihisho.