Seli ya damu na mlango uliogoma kufungwa

Wazee wangu shikamooni, vijana mambo vipi, asanteni kwa kuacha shughuli zenu za Jumamosi mkaja. Naona wagumu wa mlimani mpo wengi hapa mbele, safi sana, maana naanzia kwenu.

Unapandisha mzigo wa mgeni Kilimanjaro njia ya Marangu, ukifika kambi ya Horombo upo mita 3,720, hewa imeshakuwa nyepesi, na saa chache tu baadae kwenye figo zako kuna seli zimeshashtuka oksijeni imepungua na zinamwaga kwenye damu homoni inayoitwa erithropoietini, sisi tunafupisha tu EPO. Namna seli inavyogundua huo upungufu ndo iliyowapa wanasayansi Semenza, Ratcliffe na Kaelin tuzo ya Nobel mwaka 2019. Hiyo EPO inasafiri mpaka kwenye uboho ndani ya mifupa, kiwanda cha damu, seli nyekundu kama milioni 2 kila sekunde, hata sasa hivi mlivyokaa hapo.

Sasa hapa ndo penyewe. EPO haiingii ndani ya seli, inaishia mlangoni. Seli changa ya damu ina risepta, ndo huo mlango wenyewe, protini yenye kichwa nje mkia ndani, zimekaa mbilimbili, na kila mkia umeshikwa na protini inaitwa JAK2. EPO ikitua juu inazikalisha zile risepta mbili mkao mwingine, mkao tu jamani, alafu zile JAK2 zinafikiana na kila moja inambandika mwenzie fosfeti. Kitu kidogo sana hicho ila ndo swichi. Zikishawaka zinabandika fosfeti na kwenye mikia, mikia inapata vishikio, inakuja protini nyingine, STAT5, anadaka kishikio, naye anabandikwa, anaachia, anaungana na STAT5 mwenzie, wanaingia kwenye kiini kufungua jeni, mojawapo ni ile inayozuia seli isife. Maana hizi seli changa zikikosa EPO zinajiua zenyewe. Ndo maana mgonjwa wa figo damu inashuka, mlango upo mzima ila hakuna anayebisha, akichomwa sindano za EPO inapanda. Kuna njia nyingine za kupeleka ujumbe ndani ya seli, leo nazipita.

Mliokulia Kibosho au Old Moshi mnaujua mfongo, ule mfereji wa maji ya mashamba. Zamu yako ikifika unafungua maji unaelekeza kwenye migomba, ila nyie ni mashahidi, wazee hawamgombezi aliyefungua, wanamgombeza aliyeacha wazi. Kwenye seli kuna protini SHP-1 inakuja kwenye mkia wa risepta kubandua fosfeti, na STAT5 mwenyewe akiwa kule kwenye kiini anafungua jeni ya protini nyingine, CIS, inayorudi kuzima risepta ileile iliyomtuma! Mimi hapa huwa nasimama, naona tunawafundisha wanafunzi sana kuwasha, kuzima tunakugusia juu juu.

Eero Mäntyranta wa Finland, mteleza theluji, alichukua dhahabu mbili Olimpiki ya Innsbruck mwaka 1964. Miaka ya 90 wakapima ukoo wao wakakuta risepta ya EPO imekatika mkia, na kipande kilichokosekana ndo pale SHP-1 inaposhika. Mzimaji hana pa kushika, kwa hiyo damu yake ilikuwa nyingi maisha yake yote.

Huyo alizaliwa nayo. Kuna hitilafu nyingine inaanza ukubwani, kwenye seli moja tu ya uboho. Kuna baba alikuja maabara analalamika kuwashwa mwili mzima kila akioga maji ya moto, alishapewa dawa za mzio mpaka kachoka. Nikavuta damu kwenye kapilari, kile kijibomba chembamba, nikaziba, nikazungusha kwenye mashine. Kwa kawaida nyekundu inaishia karibu na nusu, juu yake maji ya njano. Ya kwake nyekundu ilipita 60 kwa mia, njano imebaki kidogo tu pale juu. Nikarudia, ikaja vilevile. Polisaithemia vera hiyo, ugonjwa wa uboho kutengeneza damu kupita kiasi, na karibu wote wenye nayo JAK2 yao imebadilika sehemu moja, namba 617, tofali moja la protini, valini, limetoka likaingia jingine, fenilalanini, kitu kilichojulikana mwaka 2005. JAK2 hiyo inawaka bila kubishiwa. Ukimpima mtu huyo EPO unaikuta ipo chini, figo zimeshanyamaza zamani, uboho bado unafyatua damu, na damu nzito inaganda, ndo kiharusi kinapotokea. Wanatolewa damu ili ile nyekundu ikae chini ya 45 kwa mia, na aspirini kidogo, wengine wanaongezewa vidonge.

Kijana wangu pale umeuliza kama kupanda mlima miaka mingi kunaleta ugonjwa huu. Hapana. Damu ya mlima inaongezeka kwa sababu figo zimeita, ukishuka Moshi EPO inashuka na damu inarudi taratibu. Mwenye JAK2 iliyobadilika hata ashuke mpaka Tanga baharini, damu yake haishuki.