Baiskeli ya umeme si ya wavivu: mhadhara wa jioni, Mtwara

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wengine, habari za jioni.

Neno ninalolisikia sana hapa mjini, kuanzia Shangani hadi Magomeni, ni kwamba baiskeli ya umeme ni ya wavivu: unakaa tu, betri inakupeleka. Nimekuja kulipinga, maana linawarudisha nyuma walewale ambao ingewafaa zaidi.

Tuelewane kwanza ni baiskeli ipi. Ipo ya kuzungusha mshiko wa usukani tu ili iende, kama bodaboda. Hiyo mguu haufanyi kazi, kwa hiyo mazoezi hakuna. Ninayoisema mimi, mota yake haikusaidii mpaka unyonge pedali. Ukiacha kunyonga, nayo inaacha. Kule Ulaya sheria inataka mota hiyo isizidi wati 250, na msaada ukatike ukifika kilomita 25 kwa saa.

Sasa mfikirieni mtu anayetoka Mikindani, kule chini ufukweni, akipanda kilima. Kwa baiskeli ya kawaida, kabla hajafika juu mapaja yanawaka, pumzi inamkatika. Mwenye miaka hamsini na kitambi chake anashuka, anakokota, na kesho baiskeli inabaki ukutani. Kwa ile ya umeme mapaja bado yanasukuma na moyo bado unakwenda mbio, ila pale penye ugumu wa kushinda nguvu zake, mota imempokea. Anafika juu anahema, shati limelowa, lakini anaweza kuzungumza, kuimba hawezi. Hicho ndicho kipimo chepesi cha mazoezi ya wastani, na Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya aina hiyo kwa wiki.

Halafu kuna sukari. Msuli ukifanya kazi unachota sukari kwenye damu hata kama insulini, ile homoni ya kushusha sukari, imelegea. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, walitoa matokeo yao: watu 20 wasio na mazoea ya mazoezi walipewa baiskeli hizi waende nazo kazini, dakika 40, mara tatu kwa wiki. Baada ya mwezi mmoja, mmoja tu, moyo na mapafu vilikuwa na uwezo zaidi, na sukari ilidhibitika vizuri zaidi. Jamani, hilo si jambo dogo.

Niseme na lisilopendeza. Kijana anayenyonga kila siku na gunia la mkaa kwenye keria, akihamia umeme kwa safari zilezile, mazoezi yake yatapungua. Faida kubwa ni ya anayeshuka kwenye bodaboda. Tena baiskeli hizi za umeme ni nzito, nyingi zinapita kilo 20. Wazee wangu, angalieni sana wakati wa kupanda na kushuka.

Mama pale mbele ameuliza kuhusu magoti. Mama, goti linalouma linataka kuzunguka bila kukamuliwa: acha mota ibebe, wewe nyonga haraka kwa nguvu kidogo. Kinachoumiza wengi ni siti kuwa chini mno. Kaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa; mguu unyooke. Ukikanyaga kwa unyayo wa mbele, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Baiskeli ziko hapo nje na spana ninayo, tukitoka tuanze na ya kwako.